Disketi Kutoka Kericho

Jumanne, tarehe 11 Juni 1996, ndiyo siku kompyuta ya kiwanda ilikataa disketi kutoka ofisi kuu ya Kericho. Ndiyo siku Kipkosgei alikaa kwenye benchi la nje ya ofisi, akingoja kibali cha kumpeleka mke wake hospitali.

Edinah alikuwa amelazwa zahanati ya kampuni, tumbo limevimba. Kitanda cha pili kilikuwa cha Bitutu, jirani yao wa kambi ya wafanyakazi, aliyezoea kuchuma naye chai. Wote wawili walitakiwa kupasuliwa kwenye hospitali kubwa. Lakini gari haliondoki bila kibali, na kibali hakitoki bila kompyuta kusoma majina ya wagonjwa kwenye disketi. Wakubwa walipanga hivyo. Wakubwa hawaugui kambini.

"Inakataa nini?" Kipkosgei alimuuliza Wanjuhi, msichana wa kompyuta.

"Kericho wameleta mashine ya aina ingine, mzee. Yao inamaliza mstari kwa alama moja. Hii yetu inangoja mbili. Sasa programu ya ukaguzi inaona majina yote ni mstari mmoja mrefu, inatupa nje."

"Na haiwezi kuambiwa?"

"Inaweza. Ni kubadilisha sheria moja tu, ikubali zote mbili. Lakini meneja amesema nikigusa atanifuta."

Meneja Robert alitokea na kikombe mkononi. "Sheria ni ya ofisi kuu. Wakileta barua, tutabadilisha. Mzee, enda nyumbani. Benchi si dawa."

Jumatano Kipkosgei alirudi. Muuguzi alipiga simu kutoka zahanati: wagonjwa wanazidiwa. Robert akasema barua iko njiani.

Alhamisi benchi lilikuwa tupu.

"Amechoka," Robert akasema. "Hawa huchoka haraka."

Ijumaa asubuhi Kipkosgei alikuwa hapo tena, kichwa kimenyolewa kikabaki kipara, viatu vimeshika udongo mwekundu. Robert, mtu wa kuja asiyejua mila za huku, akacheka.

"Leo umejitengeneza, mzee! Wanakuchukua jeshini?"

Hakuna aliyecheka naye. Mfagiaji aliegemeza ufagio ukutani, akatoka nje.

"Bado?" Kipkosgei aliuliza.

"Barua haijafika."

Kipkosgei alisimama mlangoni, akaishika miimo kwa mikono miwili, mikono ile iliyopasuka kwa kazi ya shamba la kampuni. "Basi leo hakuna mtu anatoka humu kwenda kula. Hata wewe."

Robert aliitazama ile mikono.

"Badilisha," alimwambia Wanjuhi. "Haraka. Huyu mtu amerukwa na akili."

Wanjuhi aliandika maneno machache, akabonyeza. Printa ikaanza kulia. Majina yakatoka, kila moja kwenye mstari wake, la Edinah likiwa juu kabisa. Kazi yote haikuchukua hata muda wa mtu kufunga kamba za viatu.

Robert aliichana karatasi akampa, sasa anatabasamu. "Haya, kimbia! Mpeleke mama hospitali."

Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa tayari pale ngazini. Kipkosgei alimpa karatasi.

"Mchukue Bitutu, kijana yangu, na usisimame njiani. Edinah tulimzika jana."

Kisha akamgeukia Robert.

"Kama leo imewezekana, bwana meneja, Jumanne ilikataliwa na nani?"