Jumbe Kumi na Tisa

Jumatatu asubuhi Mwanaidi, fundi wa kompyuta wa hospitali kuu, alifungua folda ya jumbe zilizokataliwa. Ijumaa aliuagiza mfumo wa kupokea jumbe ukatae kila ujumbe usio na cheti halali cha usalama, tena ukatae kimyakimya, bila kumjulisha aliyeutuma, ili wezi wa mtandao wasijue kama kuna mlango.

"Kuna kilichopenya?" akauliza Bwana Mhando, mkuu wa hospitali, kikombe cha chai mkononi.

"Hakuna, bosi."

"Safi sana."

Akaenda zake. Folda ilikuwa na jumbe kumi na tisa, zote kutoka zahanati moja ya ng'ambo ya mto. Cheti chao kilikwisha muda Jumamosi, na siku hizi gari la wagonjwa huombwa kwa mfumo tu.

Ujumbe wa kwanza ulisema: "Mama aliyejifungua anatokwa damu nyingi. Leteni gari."

Wa kumi: "Tuko naye barabarani, tunawasubiri."

Wa mwisho uliingia jana adhuhuri: "Gari lisihangaike tena. Asanteni."

Mwanaidi akainua macho. Nje ya dirisha, dereva alikuwa akiosha gari la wagonjwa, akisugua magurudumu ambayo tangu Ijumaa yalikuwa hayajakanyaga tope.