Kurasa Nyeupe

Katungu alikuwa ameitoa pasipoti ya mume wake kabatini bila kumwambia. Jumatatu mume alikuwa anaondoka tena kwenda China kutafuta bidhaa, na sokoni Butembo walisema wasafiri wanarudishwa njiani kama pasipoti iko karibu kuisha.

Mama wa ofisi ya safari alihesabu miezi kwa vidole.

“Banaombaka miezi sita, mama. Yake iko na munane, ni bien. Donc tuangalie tu kama page mbili ziko wazi.”

Akafunua. Akarudia tena, polepole zaidi.

“Ziko wazi zote. Hata cachet moja, muhuri moja ya mupaka, hapana. Bwana yako anaendaka China na hii?”

“Na hii. Mwaka wa ine sasa.”

Katungu aliipokea. Kurasa zilikuwa bado zimeshikana, kama za kitabu kisichosomwa.

Akakumbuka magurudumu ya valizi, lile sanduku la safari. Kila aliporudi mume wake, yeye ndiye aliyeyasafisha, na kila mara alichomoa humo kipande cha ganda la mti wa kwinini. Siku moja alikilamba. Kilikuwa kichungu kama maganda ya kule kijijini Kasugho, ya lile shamba lao ambalo mume wake alisema ameliuza. Alishangaa tu kwamba hata China wanalima kwinini.

“Mama,” akauliza, “na kwenda Kasugho, banaombaka nini?”

“Kasugho? Hapana kitu. Unapanda pikipiki, unaenda.”

Katungu akaifunga pasipoti.

“Basi niitie mutu wa pikipiki.”