Ovaroli ya Marehemu

Ondiek alivuta mkono mmoja wa ovaroli, Nangila, mjane, akavuta mwingine, na waombolezaji waliokuwa wakinywa chai wakasahau vikombe vyao.

"Achilia, nyar Bungoma, binti wa kuja wewe!" Ondiek alifoka. "Leo tunagawa nguo za ndugu yangu. Zote!"

"Chukua hizo zingine zote, shemeji. Hii hapana."

Siku ya kugawa nguo za marehemu ndiyo siku ya kuwajua watu. Tangu asubuhi jamaa walikuwa wamepekua sanduku la marehemu Enos kama wako sokoni kwa mitumba. Binamu yake alitoka na koti. Lilimmeza mpaka magotini, maana Enos alikuwa pande la mtu, lakini hakulivua. Koti, viatu, kofia, vyote Nangila aliviacha viende. Ovaroli tu ndiyo aliyoikalia.

Na yenyewe ilikuwa nini? Tambara. Rangi zilikuwa zimeikaukia hata ukiisimamisha inasimama. Magotini ni kiraka juu ya kiraka, na paja la kulia, brashi zilipofutiwa miaka yote, lilikuwa gumu kama gome la mti. Nangila aliipenda kupita kiasi. Kila jioni aliianika kambani, akaipapasa, akashona palipochanika. Wanawake wa ufukwe wa Usenge walimcheka kwamba anabembeleza tambara kuliko mtoto.

Ondiek aliitaka kwa tamaa yake. Boti zote za Usenge, zenye macho na samaki na maandishi ya kuringa, zilipakwa rangi katika banda la Enos, mlango ukiwa umefungwa. "Siri ya kazi," Enos alikuwa akiwaambia wateja pale mlangoni, ndani ya shati lake jeupe. Sasa Ondiek alilitaka banda hilo liwe lake.

"Mwenye kuvaa hii ndiye fundi," aliwaambia wenye boti waliokuja matangani. "Ama mnataka fundi akuwe huyu? Mwanamke hata kuegemea boti haruhusiwi. Akigusa tu, samaki wanahama!"

Wenye boti wakaguna kukubali. Asubuhi hiyo hiyo walikuwa wamemfukuza Nangila kwa matusi, alipoegemea boti ya Ondiek akilia.

"Shemeji, nakuomba," Nangila alisema polepole. "Usiivae mbele ya watu."

"Kwani italia?"

Watu wakacheka. Ondiek akaing'oa mikononi mwake, akaingiza mguu. Ukakwama pajani. Akalazimisha wa pili, mshono ukalalamika. Alikuwa mwembamba kuliko marehemu, kila mtu alijua hivyo, lakini mabega yalikataa kabisa kuingia. Yule binamu, ndani ya koti lililommeza, akaacha kucheka.

"Sasa Enos alikuwa anaingia hapa namna gani?" mwenye boti mmoja aliuliza.

Ondiek aliivua kwa hasira, akaitupa chini.

Nangila akaiokota, akapukuta mchanga, akaivaa, akafunga vifungo mpaka shingoni. Ilimkaa sawasawa. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye paja la kulia, ukajifuta. Wenye boti wakageuka, wakazitazama rangi za boti zao.

Jioni ile, Usenge nzima, hakuna boti iliyoingia ziwani.