Geji Isiyotaka Kupona

Fundi alijua ni gari la nani kabla hajainua kichwa. Aliujua mngurumo wake, na alijua hata mlango wake unavyofungwa, taratibu, kama kuna mtoto aliyelala ndani. Moyo ulimruka kwa furaha, kisha ukamwingia ubaridi. Gari hilo halikutakiwa kurudi.

"Geji tena, fundi," alisema yule mama mshonaji, akishuka na chupa yake ya chai. "Nimejaza mafuta jana, leo inasema tangi tupu. Wala sikushangaa."

Fundi alishangaa, tena sana. Maana mara zote zilizopita, aliyeiharibu geji ile alikuwa yeye mwenyewe.

Mara ya kwanza tu ndiyo ilikuwa hitilafu ya kweli. Siku hiyo mama alivuta kigoda karibu na mlango wa gari, akamimina chai vikombe viwili, akawa anauliza hiki ni nini na kile kinafungwaje. "Sote mafundi," alisema. "Wewe wa chuma, mimi wa nguo." Alikuwa mjane, watoto wake wako mbali. Fundi naye alikuwa amefiwa na mkewe, na nyumbani alikuwa na sahani moja, sufuria moja, na redio aliyoiwasha ili chumba kiwe na sauti ya mtu. Tangu msiba ule hakuna aliyemuuliza swali lisilohusu bei.

Kwa hiyo kabla ya kufunga tangi, aliukunja kidogo ule mkono mwembamba unaoshika boya la geji, lile linaloelea juu ya mafuta. Aliukunja upande wa kusoma pungufu, ili mama asije akakwama njiani akidhani mafuta yapo. Hata ulaghai una adabu yake.

Mama akarudi. Akarudi tena. Kila mara kiti cha nyuma kilitolewa ili kulifikia tangi lililo chini yake, chai ikamiminwa, na fundi akaenda nyumbani akipiga mluzi. Majirani walidhani amepata mchumba, naye hakuwakatalia.

Ila siku za mwizi ni arobaini. Safari iliyopita mama alisema, akipuliza chai yake, "Mwanangu ananiandama kwenye simu niliuze. Eti gari gani hili, kila siku gereji."

Chai ilimgeukia fundi shubiri. Gari lile ndilo lililompeleka mama sokoni kununua vitambaa, na kwa wateja wake. Siku hiyohiyo akanunua pampu mpya ya mafuta pamoja na geji yake, akazifunga kama anafunga gari la mamaye mzazi. Mama aliinama kutazama.

"Plagi mbili hizi za waya ni za nini?"

"Hii kubwa ni ya pampu. Ukiichomoa, gari haliwaki. Hii ndogo ni ya geji tu, gari linatembea bila shida."

"Ahaa," alisema mama.

Fundi akarudisha mfuniko wa tangi, akakaza skrubu, na juu ya kila moja akadondosha tone la rangi nyekundu iliyobaki alipopaka geti lake. Ndiyo desturi yake: mkono mwingine ukigusa kazi yake, alama inavunjika na yeye anajua.

"Sasa limepona, mama. Hatutaonana tena kwa ajili ya geji."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Mama alikusanya vikombe vyake akaondoka, na tangu siku hiyo fundi alikunywa chai akitazama kigoda kitupu. Alikuwa mpweke kuliko kabla hajamjua, na hakuwa na wa kumlaumu.

Na leo gari hili hapa. Fundi alichomoa betri, akafungua milango yote mvuke wa mafuta upate pa kutokea, akanyanyua kiti cha nyuma. Mfuniko ulikuwa pale, na matone yake mekundu yote yalikuwa juu ya skrubu, mazima. Basi hakuna fundi mwingine aliyegusa. Kosa lilikuwa lake peke yake: kwa kuchomoa na kuchomeka waya zile mara kwa mara alikuwa ameharibu kitu cha kweli, na sasa mama atauza gari.

Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho. Leo angesema yote, hata kama mama angebeba chupa yake asirudi.

"Mama, kuna jambo nataka kukwambia kuhusu geji hii."

"Fungua kwanza, fundi. Chai bado ya moto."

Aliweka bisibisi kwenye skrubu ya kwanza akazungusha. Rangi ikabanduka kama ngozi nyembamba, ikabaki kwenye ncha ya kidole chake iking'aa. Akaitazama. Rangi ya geti lake haikuwahi kung'aa hata siku moja.

Akatoa skrubu zilizobaki, akainua mfuniko. Plagi kubwa ilikuwa mahali pake. Ile ndogo ilikuwa imechomolewa, na waya wake umezungushwa vizuri na kulazwa pembeni, kama uzi wa mtu asiyependa uzi wake ujifunge mafundo.

"Umeona tatizo?" aliuliza mama nyuma yake, na mkono wake ukapenya mlangoni kumletea kikombe.

Fundi alikipokea. Alikuwa anazitazama kucha za vidole vilivyokishika: rangi nyekundu ileile, inayong'aa vilevile, isipokuwa ya kidole gumba, iliyokwanguka kwa kushika bisibisi.