Benchi la Waliotengwa

Katika ibada yake ya mwisho kabla ya kustaafu, Mchungaji Mbwilo alikishika kikombe cha Meza ya Bwana, akawapita wazee wa kanisa waliokuwa wakingoja, akaenda moja kwa moja hadi benchi la nyuma, la waliotengwa. Alikuwapo Tabea peke yake. Mchungaji mwenyewe ndiye aliyemtenga, miaka kumi na mmoja iliyopita, Tabea alipokataa kumtaja baba wa mtoto wake.

"Mchungaji, mimi sijatubu," alinong'ona Tabea.

"Najua, mwanangu. Anayetubu leo ni mimi niliyekutenga."

Kanisa zima liligeuka. Mbwilo alitaka kupiga magoti, magoti yakakataa. Akabaki amesimama, kikombe mkononi.

Tabea akamtazama sana, kisha akasogea, akamwachia nafasi ya kukaa.