Kodiani Iko Florida

Dolores Gorski alivaa glavu za mpira, akauokota mswaki wa mumewe kwa vidole viwili na kuutupa kwenye mfuko wa taka. Ukafuata wembe wenye vinyweleo, kisha ndara zilizonuka jasho. Akaufunga mfuko.

Kwa miaka sita Leonard hakujaza fomu wala kulipa hata senti ya kodi ya mapato ya jimbo la New York. Alidai amehamia Florida, ambako jimbo halitozi kodi hiyo. Alipanga chumba huko, na kila majira ya baridi alikwenda kukaa. Mbwa wao na kinanda cha mkono, kodiani ya marehemu baba yake, alivipeleka pia, viwe ushahidi.

Binti wa dada yake Dolores alikuwa mwalimu wa shule ya serikali hapa Buffalo, jimboni New York, na vitabu vya darasa alivinunua kwa mshahara wake. Siku hizi Dolores alishindwa kumtazama usoni.

Simu ililia.

"Umemaliza, mpenzi?" Leonard aliuliza. Nyuma yake sahani ziligongana.

"Nimemaliza. Natamani kutapika."

"Usianze, Dolly. Mimi huku nakula maharage ya kopo peke yangu kwa ajili yetu. Huyo mkaguzi wa kodi akija, mwambie tumeachana."

"Nidanganye jikoni kwangu mwenyewe?"

"Basi ngoja walipige mnada hilo jiko, na nyumba yote pamoja nalo."

Mkaguzi wa kodi, kijana aliyeitwa Tedesco, alikung'uta theluji viatuni kabla ya kuingia. Alichungulia bafuni. Alifungua kabati. Alisimama kidogo mbele ya rafu tupu iliyokuwa ya kodiani.

"Watu wengi hutuambia wamehama," alisema. "Sisi hatuulizi tu mtu analala wapi. Tunauliza vitu anavyovipenda viko wapi."

Ukweli ulimfika Dolores kooni. Akaifikiria nyumba yake, akaumeza.

"Mimi na Leonard tumeachana," alisema. Maneno yenyewe yalinuka kuliko zile ndara.

"Pole sana, Bibi Gorski." Tedesco alifunga mkoba wake. "Basi hatumdai. Nyumba yako iko salama."

"Hivyo tu? Umeniamini?"

"Kazi yetu si kuamini. Juzi nilikwenda kwake Florida kujionea mwenyewe." Alivuta zipu ya koti lake. "Mbwa yuko, kodiani iko, na mke wake alinieleza kwamba ninyi mliachana zamani. Ungemwona binti yao anavyoipiga hiyo kodiani, na miguu bado haifiki chini!"