Breki Zenye Kelele

Nasoro, muuza spea, aliweka maboksi mawili ya pedi za breki juu ya kaunta, na pembeni yake diski mpya zenye matundu.

"Hizi ni laini, mzee wangu, kimya kabisa. Hizi nyingine ni za magari ya mashindano. Zinakamata kwelikweli, ila zina kelele."

Shomvi alivaa miwani, akaigeuzageuza pedi ya mashindano mkononi. "Zinalia hata kwa mwendo mdogo?"

"Hapo ndipo zinapolia hasa."

"Mtu aliye ndani ya nyumba atasikia?"

"Mtaa mzima utasikia!" Nasoro alicheka. "Mama watoto atakufukuza wewe na gari lako."

Shomvi naye alicheka kidogo. Breki zake za zamani zilikuwa zimelika hadi chuma, na mkewe Tausi alikuwa akizijua. Zikilia tu pale kwenye kona, aliacha kila kitu, akaja kufungua geti, khanga begani, akimsema kwa kuchelewa. Tangu amzike, Shomvi hulifungua mwenyewe.

"Nipe hizi za kelele," alisema.

Jioni, breki mpya zikiwa zimeshafungwa, alikata kona ya nyumbani akakanyaga. Zikalia, kali na ndefu, mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Gari likasimama mbele ya geti. Shomvi hakupiga honi. Tangu aoe hakuwahi kupiga honi pale. Alizima injini, akashusha kioo, akasubiri.